Gitaa Chotara Jukwaani: Sauti Mbili Zinataka Njia Mbili

Mpiga gitaa wa Kigoma siku hizi anatakiwa kufanya kazi mbili kwa siku moja, na mara nyingine ndani ya wimbo mmoja. Asubuhi yuko kanisani Mwanga, anapiga gitaa kavu taratibu chini ya sauti za kwaya. Jioni yuko kwenye sendofu Gungu: wimbo unaanza kwa upole binti anapoingia ukumbini, na baada ya beti mbili ngoma zinafunguka, watu wanataka sebene. Hapo hakuna nafasi ya kuvua gitaa moja na kuvaa jingine. Enzi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz kule Tabora kazi hii iligawanywa: huyu solo, yule rithimu, mwingine besi. Bendi nyingi ndogo za leo zina mpiga gitaa mmoja tu, naye anabeba yote.

Ndiyo maana vijana wa huku mwisho wa reli wanauliza sana juu ya gitaa chotara, lile linalotoa sauti ya gitaa kavu na ya gitaa la umeme kwa zamu au kwa pamoja. Wanunue lipi? Na kama pesa hiyo haipo, lile walilo nalo linaweza kubadilishwa?

Majibu wanayopewa mara nyingi yanahusu jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, mbao na rangi. Mimi naanzia upande wa pili, kwenye miksa. Sauti ikitoka kwenye jeki inakwenda wapi? Utapewa chaneli ngapi? Amplifaya ya gitaa ipo, au kila kitu kinapita kwenye spika za ukumbi? Gitaa chotara ni sauti mbili ndani ya mwili mmoja, na kila sauti ina tabia yake ya umeme. Ukizipitisha zote kwenye waya mmoja mpaka kwenye spika moja, umelipia mbili ukapata moja na nusu.

Sumaku na piezo

Sauti ya umeme inatoka kwenye pikapu ya sumaku, ambayo George Beauchamp na kampuni ya Rickenbacker waliiingiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1930 kule Marekani. Ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga uga wa sumaku, na mvurugiko huo unazalisha umeme mdogo ndani ya waya. Pikapu hii haisikii mbao wala hewa iliyo ndani ya gitaa. Inasikia chuma tu. Uzi wa nailoni kwake haupo.

Sauti ya gitaa kavu kwa kawaida inatoka kwenye piezo. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa zinatoa umeme. Piezo ya gitaa ni utepe mwembamba unaolala chini ya mfupa wa daraja, ule ambao nyuzi zinaukalia, au ni vipande sita vidogo, kila kimoja chini ya uzi wake. Inasikia mgandamizo. Kwa hiyo inasikia nailoni sawa na chuma, na inasikia pia ukucha ukigusa uzi, kiganja kikipiga ubao, hata mkanda ukisugua mgongo wa gitaa.

Tofauti hiyo inagusa nyuzi unazofunga, na hapa wengi wanapotea. Nyuzi za gitaa kavu huwa zimezungushiwa shaba nyeusi au shaba ya njano, na metali hizo hazivutwi na sumaku. Pikapu ya sumaku inaona kiini cha chuma tu kilichomo ndani, kwa hiyo nyuzi nne nene zinasikika dhaifu, huku zile mbili nyembamba, ambazo ni chuma kitupu, zinapiga kelele. Kwenye gitaa chotara funga nyuzi zilizozungushiwa nikeli. Piezo haina ugomvi nazo. Utapoteza mng'ao kidogo kwenye sauti kavu, lakini nyuzi zote sita zitalingana pande zote mbili, na ukiwa jukwaani ulingano una thamani kuliko mng'ao.

Kila sauti na spika yake

Spika ya amplifaya ya gitaa la umeme, ile ya inchi 12, haitoi kila kitu. Ikivuka hezi 5,000 hivi (hezi ni mtikisiko mmoja kwa sekunde) inaanguka haraka, na huko kuanguka ndiko kunakoifanya sauti ya sumaku iwe nene na laini masikioni. Chomeka piezo kwenye spika hiyo hiyo nayo inasikika kama imefunikwa, kwa sababu uhai wa gitaa kavu uko juu ya hapo, kwenye ule mlio wa kucha na hewa. Piezo inataka spika pana yenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, yaani spika za ukumbi. Kinyume chake pia ni kweli. Pikapu ya sumaku ukiipeleka moja kwa moja kwenye spika za ukumbi inatoka kali, nyembamba, na inauma masikio.

Basi njia ni hizi: sumaku inakwenda kwenye pedali zako na amplifaya ya gitaa, piezo inakwenda kwenye miksa kupitia kiboksi cha diai, kile kinachorekebisha sauti ya gitaa iingie vizuri kwenye miksa. Mtu anayekuuzia gitaa chotara bila kukuuliza kama una vitu hivyo hajakusaidia.

Kuna jambo la umeme hapa ambalo nitalieleza kwa hesabu, maana ndilo linalofanya watu waseme piezo ni mbaya wakati kosa si lake. Kwa umeme, piezo ni kapasita ndogo, yaani kitu kinachohifadhi chaji, nacho hupimwa kwa faradi. Chukua yenye nanofaradi 1. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye lango, yaani tundu la kuingizia sauti kwenye mtambo, lenye ukinzani wa kiloomu 50, kila sauti iliyo chini ya hezi 3,200 hivi inaanza kupungua. Sasa, uzi wa E ya chini unatikisika mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba kabisa, ukiwa wazi, mara 330. Gitaa lote limeanguka, kimebaki kitu cha kukwaruza. Lango la megaomu 1 linashusha mpaka huo hadi hezi 160, ambapo bado uzi wa chini unaumia. Lango la megaomu 10 linaufikisha hezi 16, na hapo hakuna kinachopotea.

Kwa hiyo piezo isiyo na priampu yake, kile kikuza sauti kidogo cha mwanzo, ndani ya gitaa ni nusu ya kazi. Priampu inapokea kwa ukinzani mkubwa na kutoa kwa ukinzani mdogo, na baada ya hapo waya mrefu au diai ya kawaida haviidhuru tena. Kama gitaa lako halina priampu, tafuta diai inayotumia umeme, yenye lango la megaomu 1 au zaidi. Ile isiyotumia umeme mara nyingi iko chini sana ya hapo. Diai ya umeme huchukua volti 48 za fantomu, umeme ambao miksa inautuma kupitia waya wa maikrofoni, kwa hiyo mwambie fundi mitambo aiwashe kabla hajapandisha sauti. Akiwasha baadaye spika zitapiga kishindo kitakachoshtua ukumbi mzima.

Jeki inayowachanganya wengi

Geuza gitaa, tazama linapochomekwa. Mengine yana matundu mawili: moja la sumaku, moja la piezo. Hayo ndiyo rahisi kuyatumia. Mengine yana tundu moja la stirio, ambapo ncha ya jeki inabeba sauti moja na pete ya katikati inabeba nyingine. Ukichomeka waya wa kawaida wa mono kwenye tundu la namna hiyo, pete inagusana na ethi, ule waya wa ardhini, na sauti mojawapo inakufa, isipokuwa kama mtengenezaji ameweka njia ya kuzichanganya ndani. Mnunuzi anarudi dukani anasema gitaa bovu, kumbe ni waya. Tafuta waya wa stirio unaogawanyika mara mbili, au mlehemu wewe mwenyewe: jeki moja ya stirio, jeki mbili za mono, ethi zote pamoja, ncha upande mmoja, pete upande wa pili. Fundi redio yeyote pale Mwanga anaweza kukufanyia ukimchorea. Halafu mengine yana tundu moja la mono tu, na mchanganyiko unafanyika ndani. Hayo ni mepesi kubeba lakini yamekufungia njia ya pili.

Yaliyoko sokoni

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Gitaa kavu lenye piezo na vitufe vya besi na trebo ubavuni si chotara. Hilo ni gitaa kavu linalochomekwa, lina sauti moja. Maduka mengi yanayauza kwa jina lisilo lake.

Chotara la kweli lina historia fupi. Parker Fly, iliyotoka mwaka 1993 kwa kazi ya Ken Parker na Larry Fishman, ilikuwa gitaa jembamba la umeme lenye piezo kwenye daraja, na iliwafanya wengi waone kwamba jambo hili linawezekana jukwaani. Taylor walileta T5 mwaka 2005, gitaa lenye uwazi ndani, lisilotumia piezo kabisa: lina pikapu za sumaku na kihisio cha kunasa mtikisiko wa ubao. Godin wa Kanada wana A6 Ultra, yenye pikapu ya sumaku karibu na shingo, piezo kwenye daraja na matundu mawili ya jeki. PRS wana SE Hollowbody II Piezo, nayo ina matundu mawili. Mwaka 2019 Fender walitoa Acoustasonic Telecaster, iliyouzwa Marekani kwa karibu dola 2,000, ambayo inachanganya pikapu zake na sauti za kidijitali za magitaa kavu mbalimbali, kisha inatoa yote kwenye tundu moja.

Kwa mazingira yetu mimi ningechagua lenye matundu mawili na betri ya volti 9 ile ya mraba. Acoustasonic ni gitaa zuri sana kushika, sibishi, lakini ile ya kwanza ina betri ya kuchajiwa iliyokaa ndani, na siku itakapochoka baada ya miaka kadhaa kuipata Kigoma hakutakuwa rahisi. Betri ya volti 9 unaipata kwenye duka lolote linalouza maikrofoni zisizo na waya. Ni jambo dogo mpaka siku ya harusi.

Ukipata lililotumika, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Chomeka, sikiliza piezo peke yake, piga uzi mmoja mmoja kwa nguvu ileile. Uzi mmoja ukiwa kimya kuliko wenzake, kuna tatizo darajani. Sikiliza sumaku peke yake. Kisha zote pamoja: sauti ikinenepa, sawa, ikikonda na besi kutoweka, pikapu hizo mbili zinasukumana kinyume, na bei ishuke, kwa sababu kuna kazi ya kufanya.

Kulibadilisha ulilo nalo

Hapa ndipo penye faida kwa wengi wetu, na panahitaji mkono mtulivu. Kuna milango miwili. Mmoja ni kuchukua gitaa la umeme na kuliwekea daraja lenye piezo, Fishman na Graph Tech wanatengeneza vipuri hivyo kwa madaraja ya kawaida. Sauti kavu inayotoka huko si ya gitaa kavu kamili, lakini ndani ya bendi, ngoma na besi zikiwa zinapiga, inatosha kabisa, na haileti fidibaki, ule mngurumo wa sauti ya spika kurudi kwenye gitaa. Mlango wa pili ni kuchukua gitaa kavu na kuliongezea vyote viwili: piezo chini ya mfupa, pikapu ya sumaku kwenye tundu la kifuani. Hii ya pili ni nafuu na inaweza kuondolewa. Kwa anayepiga zaidi kanisani, ningefungua huo wa pili. Kwa anayeishi kwa sebene, wa kwanza.

Kazi ya piezo inafanikiwa au kuharibika chini ya mfupa wa daraja. Legeza nyuzi, toa mfupa, angalia mfereji wake. Chini ya mfereji lazima pawe bapa, pasiwe na gundi wala vumbi la mbao. Toboa tundu dogo la milimita 3 mwisho wa mfereji, upenyeze waya wa utepe ndani. Utepe ukikaa, mfupa umepanda kwa unene wa utepe huo, kwa hiyo punguza unene uleule chini ya mfupa. Kumbuka kwamba kila milimita 1 darajani ni nusu milimita kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya shingoni). Kupunguza kunafanyika hivi: gundisha msasa laini juu ya kipande cha kioo, paka sehemu ya chini ya mfupa kwa penseli, sugua taratibu ukiushika wima. Penseli ikiisha pembeni ikabaki katikati, mfupa una bonde. Endelea mpaka alama yote itoweke kwa pamoja. Pengo hafifu sana kati ya mfupa na utepe linatosha kunyamazisha uzi mmoja, na watu hulaumu pikapu wakati pikapu ni nzima.

Mfupa wenyewe unaweza kuchongwa hapa hapa. Mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani, uliochemshwa ukatoka mafuta yote na kukaushwa kivulini, ni mgumu na unang'aa ukisuguliwa. Ila chagua kipande chenye ugumu sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Penye vitundu vya sponji piezo itasikia vibaya.

Na hapa niseme wazi kuhusu kosa ninaloliona kwenye magitaa mengi yaliyofunguliwa: waya wa piezo na waya wa sumaku vimelehemiwa pamoja kwenye jeki moja, basi. Pikapu ya sumaku, ikiwa na ukinzani wa kiloomu chache tu, inainyonya piezo mpaka besi yake yote inakwisha. Vitufe havitasaidia. Zinahitaji priampu yenye milango miwili inayozitenga kabla ya kuzichanganya, au kila moja ipewe jeki yake. Kama zinasukumana kinyume, badilisha nyaya mbili za pikapu ya sumaku, lakini kwanza hakikisha bati lake la kufunika halijaunganishwa na waya unaotaka kuuhamisha, la sivyo utaleta mngurumo.

Kelele, umeme na kiangazi

Gitaa kavu kubwa linapenda kuunguruma karibu na hezi 100, kwa sababu hewa iliyomo ndani inavuma hapo. Ni karibu kabisa na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene. Funika tundu kwa kizibo cha mpira, simama pembeni ya monita, ile spika inayowaelekea wapigaji, badala ya mbele yake, na kama priampu ina kitufe cha kugeuza fezi, yaani kupindua mwelekeo wa wimbi la sauti, kibonyeze usikilize. Gitaa lenye kifua cha plaiwudi nene, ambalo watu wanalidharau, linaunguruma kidogo kuliko la mbao nzima. Jukwaani hiyo ni sifa.

Mngurumo wa umeme ni kitu kingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu ya sumaku yenye koili moja, yaani fungu moja la waya uliozungushwa, inaunasa. Ile ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, inaufuta kwa kuupinga. Kwenye kumbi zenye nyaya za kukisia na kwenye sherehe za jenereta, mimi nashauri koili mbili. Na tafadhali, usikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya ili mngurumo uishe. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungwa kwenye ethi hiyo. Ikikosekana, siku mdomo wako utakapogusa maikrofoni umeme unaweza kupita kwako. Tumia swichi ya kukata ethi iliyo kwenye diai, na chomeka amplifaya na miksa kwenye soketi moja.

Hali ya hewa nayo inachagua. Tabora wakati wa kiangazi hewa inakauka vibaya, kifua cha gitaa la mbao nzima kinashuka, nyuzi zinagonga freti. Kigoma masika, ziwa likiwa jirani, kifua kinavimba na nyuzi zinapanda. Kila mara mgandamizo juu ya piezo unabadilika. Mwenye kusafiri kwa kazi kati ya miji hii miwili atapata raha zaidi na gitaa la mwili mgumu lenye piezo.

Ukipewa chaneli moja

Hutokea mara nyingi: unafika, fundi mitambo anakuambia maikrofoni zimemaliza chaneli, ya gitaa ni moja tu. Usichanganye ndani ya gitaa ukakata tamaa. Beba miksa yako ndogo ya chaneli mbili. Chaneli ya kwanza pitisha sumaku kupitia pedali inayoiga spika ya gitaa, ili spika za ukumbi zisiitoe kali. Ya pili weka piezo kupitia priampu yake. Toa moja kwenda kwa fundi. Kwenye piezo punguza kidogo kati ya hezi 1,500 na 3,000, hapo ndipo panapokaa ule mlio wa plastiki unaochukiza, na mwombe fundi asiguse trebo yako mpaka kwaya ianze kuimba. Pangilia viwango kwa kupiga sebene kwanza, kwa nguvu utakayoitumia saa nne usiku, kisha shusha sumaku na upandishe piezo mpaka sauti kavu isikike wazi juu ya kinanda. Betri mpya iwe imeshawekwa, na waya uchomolewe kwenye gitaa kila unapopumzika, kwa sababu kwenye magitaa mengi priampu inaendelea kula betri muda wote jeki ikiwa ndani.